Modeli ya potopoto haijafika Kasaba

Wandugu, ramani ya rangi inatupendezaga sana sisi watu wa shule. Pekundu, potopoto itapita. Pa kijani, lala usingizi. Ramani hizo zinatoka katika programu kama RAMMS ya Waswisi, au r.avaflow ambayo unaipakua bure, na mimi sizikatai programu hizo. Ninachokataa ni mtu kuleta ramani ya namna hiyo huku Fizi, kuibandika ukutani mwa ofisi na kusema "kompyuta imeonyesha", wakati namba zilizomo hazijajaribiwa kwenye mto wetu hata mmoja.

Tuangalie inavyofanya kazi. Programu inaomba sura ya mlima, kiasi cha udongo na mawe kinachoanza kushuka, na msuguano. Huo msuguano ndio roho ya mambo. RAMMS inatumia fomula ya Voellmy, mhandisi wa Uswisi, aliyeitoa mwaka 1955 kwa ajili ya theluji inayoporomoka milimani. Theluji, jamani! Ina namba mbili: mu, inayoamua hasa potopoto itasimama wapi, na ksi, inayoipunguza mbio wakati inakimbia. Shusha mu kidogo, potopoto inavuka kijiji na kuingia ziwani. Ipandishe kidogo, inasimama nyuma ya shule. Na mu haipimwi ndani ya labo ukamaliza. Inatafutwa kwa kurudi nyuma: unachukua tukio lililopita, unabadilisha namba mpaka kompyuta irudie kile kilichotokea kweli. Wenyewe waliotengeneza RAMMS wanashauri hivyo.

Tukio tunalo, kwa huzuni. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto Kasaba, sekta ya Ngandja, ulishuka na mawe makubwa, miti na matope juu ya watu waliolala. Hesabu moja ilitaja wafu 62, nyingine zaidi ya 100. Kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, tarehe 4 Mei 2023, walipita 400, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko (programu gani inajua siku ya soko?). Alama ya potopoto kwenye kuta, mahali mawe yalipoishia, upana wa njia mpya ya mto: hizo ndizo data zenyewe. Kila masika inazifuta, na watu wanajenga juu yake.

Sura ya mlima nayo ina matatizo yake. Ramani ya miinuko ambayo wengi wetu tunatumia ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11, Februari 2000. Kila kisanduku chake ni mita 30 kwa 30. Korongo la mita 8 linapotelea mule ndani, na penye msitu rada inashika matawi kabla ya kufika chini. Ziko za bure za karibuni zaidi, lakini kisanduku ni kilekile.

Sasa niseme kama mtu aliyesoma agronomia. Pale mto unapotoka mlimani na kutanuka kama upepeo kabla ya ziwa, modeli itapapaka rangi nyekundu tupu. Kwa mkulima ndipo pazuri: udongo mpya, maji karibu, muhogo na michikichi vinakubali, mtumbwi uko hatua mia. Na uzuri huo uliletwa na potopoto za zamani, hakuna mwingine aliyeuleta. Kwa hiyo ukimwambia mama hama, bila kumwonyesha shamba lingine, unampandisha mteremkoni akakate miti. Utafiti uliotoka 2021 juu ya kaskazini mwa Tanganyika na Kivu ulionyesha kwamba msitu ukikatwa, udongo unaoporomoka unaongezeka mara 2 mpaka 8, kwa muda wa miaka kama 15. Yaani ramani iliyotaka kumuokoa inaweza kuandaa mzigo utakaowashukia watoto wake. Ndani ya programu mzigo huo ni namba unayoandika wewe mwenyewe; shoka haliko mule.

Kuna wanaosema afadhali ramani mbaya kuliko kukosa. Juu ya nini? Rangi nyekundu iliyokosewa inamhamisha mtu bure, hiyo ni hasara ya nyumba na shamba. Ya kijani iliyokosewa inamlaza pale pale mto utakapopita, tena akiwa na imani juu "wasomi walipima". Bila ramani, angalau angesikiliza mto ukinguruma.

Najua usalama haturuhusu kufika kila mahali, na hela ya mafuta ya pikipiki haianguki mbinguni. Watafiti wa CRSN-Lwiro na wenzao wa Tervuren wamehesabu maporomoko kwa miaka mingi upande wa ziwa Kivu. Kazi ya namna hiyo haishindi wahitimu walioko Baraka na Fizi-santa. Mu ya kuanzia inaweza kutoka kwenye mteremko wa pale potopoto iliposimama, na mteremko unapimwa kwa simu na fimbo mbili. Wazee wa Kasaba wanajua mawe yapi yalishuka 2025 na yapi waliyakuta. Tuwaulize mapema, kabla mawe hayajavunjwa kokoto za kujengea.