Govi la mtoto na ile namba ya miaka 3: tuisome upya makala ya 1949

Kuna makala za kisayansi ambazo watu wanazitumia kila siku bila kuzisoma. Moja ni ile ya daktari wa watoto Douglas Gairdner, iliyotoka kwenye jarida la British Medical Journal Desemba 1949, kuhusu govi la mtoto na tohara nchini Uingereza. Imani kwamba mtoto akifika miaka 3 govi linatakiwa liwe linarudi nyuma ilipata nguvu kubwa kutokana na makala hiyo. Hebu tuone inasimama wapi na inateleza wapi.

Tuanze na sifa zake, maana si ndogo. Enzi hizo watoto wengi Uingereza walitahiriwa kwa sababu tu govi halirudi nyuma, hali iliyoitwa ugonjwa: fimosisi. Gairdner alifanya jambo rahisi, akawaangalia watoto wenye afya zao: wachanga 100, na wavulana 200 wa hadi miaka 5. Akakuta ni 4% tu ya wachanga ambao govi lao linarudi nyuma kabisa. Sasa, kitu ambacho wanacho 96 kati ya watoto 100 utakiitaje ugonjwa? Na sababu ipo wazi. Tumboni mwa mama, ngozi ya ndani ya govi na ngozi ya kichwa cha uume hukua zikiwa zimeshikamana, halafu huachana zenyewe polepole baada ya kuzaliwa. Akaonesha pia kwamba kila mwaka watoto kama 16 wa chini ya miaka 5 walikuwa wanakufa kwa ajili ya tohara England na Wales. Kwa hoja hiyo peke yake, makala inastahili heshima.

Inapoteleza ni kwenye ratiba. Gairdner alisema kufikia mwaka 1 karibu nusu ya watoto govi linarudi nyuma, na kufikia miaka 3 ni 90%. Kwa hiyo akashauri kwamba yule ambaye bado kwa miaka 3, hatua zichukuliwe ili lirudi na lioshwe. Watu wakaibeba namba, wakaiacha tahadhari yake kwamba govi la mtoto mdogo liachwe kama lilivyo.

Mwaka 1968 Jakob Øster wa Denmark alichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 1,968 wa miaka 6 hadi 17, wengi wao wakirudiwa mwaka hadi mwaka. Wenye umri wa miaka 6 na 7, 63% bado walikuwa na sehemu zilizoshikamana. Kwa miaka 16 na 17 walibaki 3%. Tundu la mbele kubana, ambalo ni jambo tofauti na kushikamana, lilishuka kutoka 8% hadi 1%, bila haraka. Mwaka 1996 Kayaba na wenzake wakapima wavulana 603 Japani: hata katika kundi la miaka 11 hadi 15, waliokuwa na govi linalorudi kabisa ni 62.9%.

Mbona namba zimeachana hivi? Angalia njia. Wavulana 200 ukiwagawa kwa umri, kila kundi linabaki na watoto wachache mno kuchora ratiba ya taifa. Halafu neno "linarudi" linategemea mkono wa anayepima: ukivuta taratibu unapata jibu moja, ukikaza unapata jingine. Øster aliwafuatilia watoto walewale wakikua, na hapo ndipo uzito wa kazi yake ulipo.

Haya siyo mabishano ya wasomi tu. Mzazi aliyeambiwa "miaka 3" atavuta. Ngozi iliyoshikamana ikivutwa inachanika, inatoka damu, inaweza kupona kwa kovu, na kovu ndilo linalobana govi kweli. Yaani ushauri wa kuzuia tatizo unalizaa. Tena govi likivutwa kwa nguvu linaweza kunasa nyuma ya kichwa cha uume, likavimba na kuzuia damu. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Kwetu jambo hili linatuhusu hata pale ambapo tohara ni desturi. Jamii nyingi humtahiri mvulana akiwa ameshakua, wengine jandoni, kwa hiyo kuna miaka mingi ya kumwogesha mtoto akiwa na govi lake. Katika miaka hiyo, osha kwa nje tu, kwa maji, kama unavyoosha kidole. Usivute, usiingize pamba wala dawa ya kuua vijidudu. Vijidonge vyeupe unavyoviona chini ya ngozi si usaha, ni seli za ngozi zilizokufa, na vinatoka vyenyewe. Govi kujaa kama puto kidogo wakati wa kukojoa, bila maumivu, mara nyingi ni hatua ya kuachana. Likianza kurudi lenyewe, mfundishe mtoto alivute mwenyewe taratibu, aoshe, kisha alirudishe mbele.

Mpeleke kituo cha afya akikojoa kwa shida au kwa matone, akipata wekundu na uvimbe unaouma, homa isiyoeleweka, au ncha ya govi ikiwa ngumu na nyeupe kama kovu. Na hata tundu likibana kweli, mara nyingi krimu ya steroidi kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari, hutosha kabla ya kufikiria kisu.

Gairdner aliuliza swali zuri, na nusu ya jibu lake bado ni sahihi: liache. Nusu ya pili ifutwe kwenye vitabu na vipeperushi. Badala ya "akifika miaka 3", iandikwe "litakapoanza kurudi lenyewe, hata kama ni wakati wa kubalehe".