Kinyago cha Warega: uongo uko wapi?

Wasomaji wetu wanavijua vile vinyago vidogo vya Warega: uso kama moyo, udongo mweupe, ndevu za nyuzi. Wanaoviuza wanaviita «vya zamani». Na namna ya kuvizeesha si siri tena: vinatundikwa juu ya moshi wa jiko, vinazikwa udongoni, vinapakwa mafuta na masizi, mchwa nao wanaachiwa wale kidogo. Kitu cha mwezi jana kinakuwa cha babu.

Hapo hatugombani na fundi. Mkono wake ni mzuri, na watoto wanataka kula.

Kwa wazee wa Bwami, uzee wa mti peke yake haukuwa kipimo. Lukwakongo kilikuwa kinyago cha mtu wa cheo cha yananio. Hakikuvaliwa usoni tu: walikishika mkononi, walikitundika kwenye ua, walikikokota kwa ndevu zake, na mithali iliimbwa pamoja nacho. Kikipotea, kingine kilichongwa, kikashika kazi ile ile. Nani angekiita cha uongo? Ni wanunuzi wa Ulaya waliokuja na kipimo kingine: kiwe kimetumika, tena kisiwe kimechongwa kwa kuuzwa. Sisi tukawajibu kwa moshi.

Kwa hiyo uongo tunautafuta katika maneno. Serikali ya kikoloni ilikataza Bwami mwaka 1948. Vitu vingi vikaenda ng'ambo, mithali zikabaki vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua. Muuzaji asiyezijua anatunga. Tulimsikia mmoja akieleza mbele ya wanafunzi wetu ati hiki ni kinyago cha vita, kile ni cha mungu wa mvua. Wote waliitikia kwa kichwa, kumbe hakuna hata neno moja la Bwami humo, kwani Bwami ilifundisha tabia njema na kiasi.

Wiki iliyofuata tulimkuta yule «mungu wa mvua» katika karatasi ya mtihani. Tumpe sifuri? Mtoto aliandika alichosikia kwa mtu mzima, tena Mrega. Angesahihisha kwa kitabu gani? Daniel Biebuyck, Mbeleji aliyefanya utafiti kwa Warega miaka ya 1950, aliandika mithali nyingi pamoja na vitu vyake, lakini kitabu chake cha 1973 ni cha Kiingereza na kilichapwa California. Mtoto wa Shabunda atakipata wapi?

Tulimpa nusu.