Kipimo cha Mgema

Mvua zikishashika Njombe, milanzi, mianzi ambayo utomvu wake huwa pombe ya ulanzi, hutoa machipukizi, na mgema huanza safari zake mbili za kila siku, alfajiri na jioni. Hachukui zana nyingi: kisu chembamba kilichonolewa mpaka kinanyoa, na ndoo. Vyombo vya kukingia ulanzi vimeshafungwa shambani. Ni mbeta, vipande vya mwanzi wenyewe vilivyokatwa chini ya pingili ili pingili iwe kitako.

Chipukizi hukatwa ncha lingali laini, kabla halijakomaa kuwa mti. Kuanzia hapo kazi ni kulichonga, asubuhi na jioni. Mgema analishika kwa mkono wa kushoto, anapitisha kisu mara moja, na kipande kinachodondoka ni chembamba kama karatasi. Akizoea kukata vinene, chipukizi litaisha mapema. Akiacha kukata, kidonda kitakauka na utomvu utakoma. Anarudisha mbeta mahali pake, mdomo chini ya kidonda, anaufunika kwa jani ili mvua isiingie, anahamia chipukizi la pili.

Hamira ya asili, iliyo hewani na kwenye kuta za mbeta, huanza kazi utomvu ukiwa bado unadondoka. Kwa hiyo kabla ya kumimina ndooni, mgema anaonja mbeta moja moja. Ulio mtamu bado ni mtogwa. Ulioanza kukwaruza ulimi uko njiani kuwa mkangafu. Akikuta mbeta ambayo jani lake limepeperushwa usiku, anaonja mara mbili, kisha anauweka ulanzi wake kando. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu anayasaka maji yaliyoingia bila ruhusa yake.

Mtengeneza bia wa nyumbani angefanya ukaguzi huo kwa haidromita, kioo kinachoelea chenye namba shingoni. Katika maji safi ya nyuzi 20 husoma 1.000. Sukari hukiinua, pombe hukishusha. Ulanzi, hata hivyo, haukubali kupimwa kwa pupa. Ukiumimina moja kwa moja, viputo vya gesi vitakishika kioo na kukibeba juu, na namba itadanganya. Inabidi kuuchuja kwa kitambaa, kuumimina kutoka jagi hadi jagi mpaka povu liishe, kisha kuuacha upate joto, kwa sababu asubuhi ya Njombe ni baridi na kimiminika cha baridi huwa kizito zaidi. Kioo huzungushwa kwa vidole ili viputo vilivyobaki viachie, nacho husomwa jicho likiwa usawa wa ulanzi, si kwa kuinamia.

Hata baada ya hayo yote, namba ndogo ina maelezo mawili: hamira imekula sukari, au maji ya mvua yameingia. Kioo peke yake hakiwezi kuyatenganisha. Anayepika bia hutatua hilo kwa kupima mara mbili, kabla ya kutia hamira na baada ya bia kuchachuka. Ulanzi haumpi mtu nafasi ya kipimo cha kwanza. Nafasi hiyo mgema huiziba kwa kumbukumbu: mbeta ipi ilifungwa lini, jani lipi lilibaki mahali pake, chipukizi lipi limechoka. Ndiyo maana hachanganyi ulanzi wa asubuhi na wa jana jioni kabla hajauonja wote.

Ulanzi unaopelekwa Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya, husafiri kwenye madumu ambayo vifuniko vyake havikazwi, maana gesi hairuhusu. Uliotoka shambani mtamu hufika umeanza kubadilika. Mnunuzi akiuliza ukali wake, mgema humjibu kwa saa: huu umetoka leo alfajiri, ule wa jana jioni. Mnywaji aliyezoea hajiulizi zaidi, anachagua dumu.