Jedwali Lisilotaja Mizani: Uhakiki wa Somo Moja la Hisabati

Katika kitabu tulichosomea hisabati, milinganyo tofautishi ya mstari ya daraja la pili, yenye vizidishi visivyobadilika, imepewa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unaonyesha mlinganyo ay″ + by′ + cy = 0. Wa pili unaagiza tuandike ar² + br + c = 0 na kutafuta mizizi yake. Wa tatu una jedwali la hali tatu la kukariri, na wa nne una mazoezi. Sina ugomvi na usahihi wake, kwani kila mstari ni kweli. Kasoro ninayoiona ni kwamba mwanafunzi anapewa majibu bila kuambiwa swali lilikuwa nini.

Kasoro ya kwanza ni ile herufi r, ambayo kitabu kinaileta bila kusema imetoka wapi. Kumbe sababu yake ni fupi. Tunatafuta kitu ambacho, tukikijumlisha na kasi yake na mchapuko wake, vyote vikiwa vimezidishwa kwa namba, kinatoa sifuri. Lazima basi vitatu hivyo viwe vya umbo moja, la sivyo haviwezi kufutana. Umbo lenye tabia hiyo ni e^(rt): kasi yake ni r mara yenyewe, na mchapuko wake ni r² mara yenyewe. Tukiliingiza katika mlinganyo, e^(rt) inajitoa kwa kila kipande na ar² + br + c = 0 inabaki. Njia hii ilichapishwa na Leonhard Euler mwaka 1743. Sentensi tano zingetosha kuieleza.

Kasoro ya pili ni kwamba zile hali tatu hazina uhai. Sisi wa Rumonge tunaziona sokoni. Muuzaji wa mukeke anapomtundika samaki kwenye mizani ya springi, mshale unashuka, unapanda, unashuka tena, kisha unatulia. Springi inavuta kuelekea mahali pa kutulia, na msuguano unaipunguza kasi. Hayo ndiyo y na y′. Uzito wa samaki unaingia kwenye y″. Tuchukue y″ + 2y′ + 101y = 0, muda ukipimwa kwa sekunde. Mizizi yake ni −1 + 10i na −1 − 10i, na jawabu ni e^(−t)(A cos 10t + B sin 10t). Mshale unakwenda na kurudi kila baada ya sekunde 0.63 hivi, na kila mara mwendo wake unabaki karibu nusu ya ule uliotangulia. Namba changamano, ambazo darasani tuliziona kama uchawi, hapa zinasema tu kwamba mshale unayumba.

Sasa tufunge kisahani chini ya samaki na kukizamisha ndani ya bidoni la mawese. Mafuta yakiwa mazito vya kutosha, mshale hauyumbi tena, unajikokota tu hadi mahali pake. Hiyo ndiyo hali ya mizizi miwili tofauti isiyo na i. Kati ya hali hizo mbili kuna mpaka mmoja, ambapo mzizi ni uleule mara mbili.

Mpaka huo ndio ulioniangusha mimi. Katika mtihani nilipewa y″ + 2y′ + y = 0, nikaandika Ae^(−t) + Be^(−t). Nilikuwa nimesahau t ya jedwali, na sikuwa na njia ya kuitafuta. Vipande vyangu viwili vilikuwa kitu kimoja, hivyo nisingeweza kuchagua kwa hiari mahali pa kuanzia na kasi ya kuanzia pia. Baadaye nilielewa. Chukua mizizi miwili iliyokaribiana, r na r + h. Tofauti ya e^((r+h)t) na e^(rt), ikigawanywa kwa h, nayo ni jawabu. Ukiipunguza h kuelekea sifuri, inabaki te^(rt). Kwa hiyo jawabu kamili ni (A + Bt)e^(−t). Ningelijua hili, nisingelihitaji kukumbuka chochote.

Mtetezi wa kitabu atasema kwamba jedwali linaokoa muda, na kwamba mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya hadithi za sokoni. Ni kweli, nami bado nalitumia jedwali. Lakini jedwali linamfaa anayejua njia. Asiyeijua, akisahau neno moja amepotea kabisa.

Lipo pia jambo kubwa kuliko alama zangu. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu ya Tanganyika, yenye joto, kuelekea kaskazini kwetu. Upepo ukitulia, mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi huyumba kwa vipindi vya takriban wiki 4, ukipungua polepole kama mshale wa mizani. Mwanafunzi anayetoka darasani akidhani hesabu hii ni maneno ya Kifaransa ya kukariri, kisha jioni anamsaidia mama yake kupima samaki, ameishika hesabu hiyo mkononi na hakuna aliyemwambia.