Nyuma ya Ndege

Ukipitia kurasa za Watanzania wanaopiga picha za ndege kwa mapenzi tu, bila mshahara, utakuta picha moja imepigwa mara elfu. Ndege mmoja, tawi moja, jicho kali lenye nukta ya mwanga, na nyuma yake rangi laini iliyofifia kama uji. Watu huandika chini yake: safi sana. Neno hilo "safi" ndilo ninalotaka kulihoji, kwa sababu napigia picha zangu Kondoa, na hapa ndege wachache sana hukaa mahali safi.

Kiufundi hakuna siri. Unahitaji lenzi ndefu, ya milimita 400 au 600, tundu lake liwe wazi kabisa, ndege awe karibu nawe na vichaka viwe mbali naye. Lenzi inayeyusha kila kilicho nyuma. Mtindo huu una faida yake, nisiudhulumu. Anayetaka kumtambua kwezi wa kijivu, yule wa kwetu asiye na mng'ao wa kwezi wengine, atasaidiwa na manyoya yanayoonekana moja moja. Vitabu vya kutambulia ndege navyo huwapanga kwenye karatasi tupu. Lakini kitabu hakidai kwamba kinakuonyesha pori.

Mchukue kasuku mdogo wa shingo ya njano. Kichwa cheusi, duara jeupe kuzunguka jicho, mdomo mwekundu, mwili wa kijani. Asili yake ni Tanzania, na katika nyanda hizi za kati hutaga kwenye matundu ya miti, mibuyu hasa. Duniani, hata hivyo, anajulikana zaidi kama ndege wa kufugwa. Kwa miaka mingi alikamatwa na kuuzwa nje, na wafugaji wa ng'ambo wamezalisha hata wa rangi ya buluu. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Sasa mpige picha safi kasuku wa Kondoa, nyuma yake uji mtupu, kisha uiweke kando ya picha ya mwenzake aliyezaliwa kwenye sebule ya mtu Rotterdam. Nionyeshe tofauti. Kilichomfanya huyu wa kwetu awe wa porini, yaani gome la mbuyu lenye makovu, vumbi, mbuzi wanaopita chini, ndicho kilichoyeyushwa. Kiswahili kina neno moja, tundu, kwa shimo la mbuyu na kwa nyumba ya ndege wa kufugwa. Picha imemtoa kwenye tundu la kwanza na kumtia kwenye la pili.

Anayeijua Kondoa atanijibu kwa michoro ya Kolo. Iko kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Babati, na tangu 2006 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu chake kuhusu michoro hiyo kikatoka 1983. Tazama wale watu warefu wembamba na wale wanyama wa rangi nyekundu: hakuna nyasi, hakuna upeo wa macho, mara nyingi hakuna hata ardhi ya kukanyaga. Je, wachoraji wale hawakufuta mandhari kabla yetu?

Ni swali zuri, na limenisumbua kuliko mengine. Jibu langu ni kwamba mchoro wa Kolo hauhami. Ukitaka kuuona unapanda kilima, unapita kwenye miiba, unafika unahema, na mandhari yote iko mgongoni kwako. Mchoraji hakuwa na sababu ya kuchora kichaka ambacho mtazamaji amekishika kwa mkono dakika mbili zilizopita. Picha yangu inaondoka Kondoa kwa sekunde moja na kufika kwenye simu ya mtu Oslo bila kichaka wala kilima. Asichokibeba ndege mwenyewe ndani ya fremu, hakuna atakayemletea.

Wapo wanaofika mbali zaidi ya lenzi. Wanavunja vijiti vinavyoziba kiota ili wapate nafasi, wanapiga, wanaondoka. Makinda yanabaki juani, mbele ya kunguru.

Kipimo changu cha mtindo huu ni kwelea kwelea. Anatajwa kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, na hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku. Serikali hutuma ndege za kunyunyizia sumu kwenye malalo yao, na sumu hiyo haiulizi nani kwelea na nani si kwelea. Dume wakati wa kuzaliana ana uso mweusi, mdomo mwekundu na kifua cha waridi. Ukimpiga safi, anapendeza kweli. Nilimwonyesha bibi mmoja mwenye shamba picha ya namna hiyo. Akaitazama, akanirudishia kamera. "Umemremba, mjukuu wangu. Na uwele wangu uko wapi hapo?"

Picha bora ya kwelea kwelea niliyowahi kuiona ilipigwa na mwanafunzi wa sekondari kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndege ni ukungu mweusi uliopinda juu ya shamba, hakuna jicho hata moja linaloonekana. Mbele kuna masuke ya uwele, nusu yake yamebaki makapi. Kushoto, juu ya dungu, mtoto aliyekwenda kuamia amerudisha mkono nyuma, kombeo limenyooka, na miguuni pake mdogo wake amelala usingizi. Chini ya picha kulikuwa na maoni matatu. Mmoja alimshauri asogee karibu zaidi, na amkate huyo mtoto wa pembeni.