Klondike katika Picha za Jana na za Leo: Uhakiki

Picha za mbio za dhahabu za Klondike ni nyingi, lakini ile ya mlima wa Chilkoot imevuma sana. Ilipigwa mwaka 1898 na Eric A. Hegg, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani. Inaonyesha mstari mweusi wa watu wakipanda theluji na mizigo mgongoni. Kifani, picha hiyo imewanyima wapandaji nyuso; mtazamaji huona umati kama wa siafu. Huficha pia kwamba mtu yule yule alipanda makumi ya mara, kwa kuwa askari wa Kanada walidai kila aingiaye awe na chakula cha mwaka mzima.

Leo, theluji ikiyeyuka, mteremko ule ni mawe matupu, na wapitao ni watalii. Chini yake, mji wa Dyea uliokuwa na hoteli na maduka umemezwa na msitu. Reli iliyoanzia Skagway, ikakamilika mwaka 1900, iliunyang'anya wasafiri. Yamebaki makaburi ya waliofukiwa na maporomoko ya theluji ya Aprili 3, 1898.

Ziwekwapo picha hizo mbili sambamba, mtazamaji huambiwa kwamba maumbile yamejiponya. Maudhui hayo yanapotosha. Ulinganishi wa namna hii una mwanzo na mwisho, lakini hauna kati. Dyea ilikuwa njia tu. Dhahabu yenyewe ilichimbwa kwenye vijito kama Bonanza, ambako mashine kubwa ziliendelea kupindua ardhi hadi katikati ya karne ya 20. Huko yamebaki marundo ya kokoto. Msitu wa Dyea, basi, hauwezi kuyatolea ushahidi mabonde ya Klondike.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Picha mbili hulinganisha kile tu kilichoingia katika mojawapo. Wa-Tlingit, wenye njia ya Chilkoot tangu zamani, hawatambuliki katika mstari ule. Wa-Tr'ondëk Hwëch'in walisukumwa kutoka Tr'ochëk, kambi yao ya uvuvi penye mlango wa mto Klondike, wakahamia Moosehide. Kiongozi wao, Chifu Isaac, alipoona wageni wanafurika, aliwakabidhi ndugu zao wa Alaska nyimbo na ngoma za watu wake wazitunze. Miaka mingi baadaye nyimbo hizo zilirudi kwa wenyewe.

Hakuna kamera iwezayo kuonyesha safari hiyo. UNESCO ilipoiingiza Tr'ondëk-Klondike katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, ilitambua historia ya wenyeji hao chini ya ukoloni. Anayelinganisha picha za jana na za leo anahitaji matini ya tatu, nayo ni fasihi simulizi ya wenyeji. Bila hiyo, atahesabu nyumba zilizoanguka na miti iliyoota, asijue ni nani aliyepotelewa na nini.