Pindua Zulia Kwanza

Kapeti nyingi zinazouzwa Eldoret kwa jina la Persian hazijapita hata karibu na Iran. Zimefumwa kwa mashine, aghalabu Uturuki, kwa nyuzi za polipropilini, na hilo si kosa: zinavumilia watoto, viatu vya matope na sabuni ya unga. Balaa huanza pale zulia halisi la sufu, lililoletwa na ndugu aliyefanya kazi Doha au lililorithiwa kwa wazee, linapopelekwa wanakoosha magari na kupigwa mashine ya presha pamoja na hizo nyingine. Pale hakuna anayeligeuza kulitazama, na zulia husomwa mgongoni.

Basi lipindue. Lililofungwa kwa mkono huonyesha maua yake nyuma waziwazi kama mbele, na mafundo yake hayalingani kabisa: mstari huu umebana, ule umelegea kidogo. La mashine limenyooka kama daftari la hesabu. Kisha shika matamvua uyafuate kwa vidole. Kwa zulia halisi, matamvua ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, yanatoka ndani ya mwili wa zulia. Yakiwa yameshonewa pembeni, shuku, ingawa zulia kongwe huenda limewahi kukarabatiwa. Shaka ikibaki, chomoa uzi mmoja wa juu uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka. Polipropilini huyeyuka ikawa ushanga mgumu.

Wauzaji hupenda kutajia watu idadi ya mafundo. Mjini Tabriz, Iran, wanahesabu kwa raj, yaani mafundo yaliyomo katika upana wa takriban sentimita 7, na zulia la raj 50 lina michoro laini kuliko la 30. Sawa, lakini mazulia ya Heriz yana mafundo machache na manene, na hukanyagwa vizazi na vizazi. Mimi huanza na sufu. Ibonyeze kwa kiganja, uachilie: nzuri huinuka yenyewe, na huacha ulaini fulani mkononi, mabaki ya mafuta ya kondoo. Ile inayokwaruza na kukatika ukiisugua haitapona kwa kuoshwa. Ukiona pia bluu inayohama kidogo kutoka mstari hadi mstari, usiombe upunguziwe bei. Mfumaji alimaliza fungu moja la uzi wa nili akaanza jingine, na wajuzi hulipa zaidi kwa hilo.

Mgongo huohuo ndio utakaokuambia namna ya kuosha. Sufu ni protini, kama nywele zako. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi kula protini ya damu na maziwa kwenye nguo, na haviulizi protini ni ya nani. Zina pia magadi yanayokausha yale mafuta ya kondoo. Presha nayo hulegeza mafundo na kusukuma maji hadi kwenye mtande, ambao kwa mazulia mengi ya mjini Iran ni wa pamba. Sufu huweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi mkononi. Kwa hiyo zulia unaloliona limekauka juu bado lina maji ndani, na pamba inaoza polepole. Kunja kona karibu na sikio: likialika kama kuni kavu, mtande umekwisha.

Kukausha nako hapa kuna shida yake. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Aprili na Septemba asubuhi huwa na jua la kudanganya, na alasiri mvua inamwagika. Zulia lililotundikwa uani saa nne litanyeshewa saa tisa. Ajabu ni kwamba huu ni mji wa nyuzi. Kiwanda cha Rivatex, kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kiko hapa, na Ken-Knit wamesokota uzi na kutengeneza blanketi hapa miaka mingi. Wapo wazee mitaani waliostaafu viwandani ambao wakigusa sufu wanakuambia hali yake. Waulize hao kabla ya kumuuliza kijana mwenye mpira wa maji.

Ukiamua kuliosha nyumbani, anza na vumbi. Udongo wetu mwekundu una chembe kali zinazoshuka hadi kwenye mashina ya sufu na kuyakata kila mtu anapokanyaga, na ukizilowesha zinakuwa matope. Lilaze kifudifudi kwenye nyasi kavu, ulipige taratibu mgongoni hadi vumbi liishe. Halafu bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kila rangi kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, acha kabisa, hiyo ni kazi ya fundi. Kikitoka safi, tumia maji baridi na shampuu kidogo isiyo kali, brashi laini, ukifuata upande manyoya yanakolala. Kusuuza ndiyo kazi yenyewe, na siki kidogo kwenye maji ya mwisho husaidia. Kamua maji kwa ukingo wa ubao laini, kisha lilaze juu ya fito kadhaa ili hewa ipite juu na chini, mahali penye upepo na kivuli. Jua kali hula rangi: Zulia la Ardabil lililoko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lililofumwa mwaka 1539–40, huwashiwa taa dakika chache tu kwa wakati mmoja.

Mursik ikimwagika, na katika nyumba za hapa itamwagika, usisugue. Mle mna maziwa yaliyochachushwa na vumbi la mkaa wa mti wa senetwet, na kila unaposugua mkaa huzama zaidi. Chota kwa kijiko kutoka pembeni kuelekea katikati, kandamiza kwa kitambaa kikavu, ndipo utumie maji baridi. Maji moto huivisha maziwa humohumo kwenye sufu. Chai ya maziwa nayo ni vivyo hivyo.

Kazi ya fundi ikirudi, usitazame mng'ao. Matamvua meupe kupita kiasi yametiwa klorini, nayo hula pamba. Harufu kali ya manukato inaficha kitu. Pitisha kitambaa chenye unyevu: utelezi ni sabuni iliyobaki, na itavuta uchafu upya ndani ya wiki chache. Angalia kama weupe kando ya nyekundu umegeuka waridi. Litandaze sakafuni uone pembe zote nne: zulia lililokaushwa juu ya ua likiwa zito kwa maji hurudi na mawimbi. Mwisho pindua tena, upapase mgongo kutafuta ubaridi, kwa maana ubaridi ni unyevu.

Usilitandike likiwa hivyo, na usilipie kazi hiyo kwanza. Na kama hujampata fundi anayepindua zulia kabla ya kutaja bei, lipige vumbi ulikunje kavu, usubiri kiangazi cha Januari.